Magadi Kwenye Ulimi

Kwa siku kadhaa sikugusa kibuyu cha maziwa ambacho nyumbani tunapokezana. Nilikuwa na doa jekundu kwenye ulimi, lenye ukingo mweupe, nikaamini ni ugonjwa na kwamba nitamwambukiza mdogo wangu. Kumwambia mama niliona aibu. Nikachota magadi ya kulainishia makande nikasugua ulimi, maana kama yanaweza kulainisha maharage makavu, doa litayashinda? Kesho yake hata uji sikuweza kumeza. Mama aliponiona natoa machozi kwenye bakuli, akanipakiza bodaboda mpaka zahanati.

Nilimwamkia nesi kwa sauti ndogo sana. "Marahaba," akasema, "hiyo shikamoo nimeisikia nusu." Akamulika ulimi kwa tochi ya simu.

"Hili doa huwa linahama?"

Nikaitikia kwa kichwa. Juzi lilikuwa upande wa kushoto.

"Basi ndivyo ulimi wako ulivyo. Haliambukizi, wala si saratani. Kinachokuuma ni hivi vidonda vingine, kama umeungua. Umekula nini?"

"Magadi," nikasema.

Mama akanigeukia. "Kumbe ni wewe. Mimi nasingizia panya."

Nesi alicheka mpaka tochi ikamtikisika mkononi. "Sukutua maji ya chumvi kidogo, acha pilipili. Vidonda visipopona kwa wiki mbili, rudi."

Jioni kibuyu kilipofika kwangu nilikunywa taratibu, maziwa yakapoza ulimi wote, ndipo nikampa mdogo wangu. Akalalamika kwamba nimembakizia kidogo.