Mlango wa Meli ya Mogogosiek

Chama chetu cha akina mama pale Chepseon hutembea mara moja kwa mwaka. Mwaka jana walipopanda mashua kwenda kutazama viboko, mimi na kiti changu cha magurudumu tuliachwa ukingoni tukilinda mikoba kumi na minne. Walirudi wakicheka mambo ambayo sikuyaelewa. Niliumia. Mwaka huu walipotaja meli ndogo ya kitalii katika bwawa la shamba moja la chai upande wa Mogogosiek, niliwaambia wasiandike jina langu wala wasilikate hadi niende nikajionee mwenyewe. Tangazo lilisema kila mtu anaweza kupanda. Huyo "kila mtu" namjua. Mara nyingi huwekewa ngazi tatu mbele yake.

Saa moja asubuhi jirani yangu Kamau, mfanyabiashara wa viazi, alikikunja kiti akakiweka nyuma ya gari lake.

"Si uliwapigia simu?" akauliza.

"Mara mbili. Nikawauliza kama kiti kinaingia, wakasema kinaingia."

"Sasa shida iko wapi?"

"Walijibu haraka sana."

Kericho mjini tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Mlango wa choo ulikuwa na picha nzuri ya mtu kwenye kiti kama changu. Ndani walikuwa wamejaza ndoo na mifagio. Nikamwonyesha Kamau, naye akaacha kuniuliza shida iko wapi.

Baada ya Litein tuliiacha barabara kuu, tukaingia katikati ya chai. Wachumaji walikuwa wameshafika mbali, vikapu mgongoni. Asubuhi ilikuwa safi na hewa inanukia majani mabichi, lakini mimi nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wale watu wa meli nitakapogundua uongo wao.

Saa nne tukafika. Meli yenyewe ilikuwa mashua pana yenye paa na viti ishirini hivi. Msimamizi, msichana mchangamfu aitwaye Chelangat, alitupokea kwa mikono miwili.

"Chamgei, mama! Karibu sana!"

Nyuma yake walisimama wanaume wanne wenye vifua vipana, wamevaa gambuti.

"Hawa ni wa nini?" nikauliza.

"Ni wa kukubeba, mama. Tuko na team."

"Mliniambia kuna njia ya kiti."

"Iko, mama. Lakini hawa ni fast."

Niliwahi kubebwa hivyo kwenye ngazi za kanisa, wakaniangusha mbele ya bibi harusi. Tangu siku ile sibebwi kama gunia. Nikawaambia wakae kando, nikaanza kupanda njia ya mbao kwa mikono yangu. Ilikuwa pana, mwinuko wake wa pole, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Nikafika mlango wa meli. Magurudumu yakagonga huku na huku, yakakwama. Upana wa mlango ulipungukiwa kama vidole vitatu.

"Nilijua," nikasema, na nakiri nilisikia raha fulani mbaya.

Hapo nikahisi mtu mgongoni. Alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akinifuata tangu niteremke garini, na sasa alikuwa ananyoosha ufito mrefu juu ya magurudumu yangu.

"Wewe mzee, unatafuta nini nyuma yangu?"

"Napima, dada. Mimi ni Odhiambo, fundi wa mbao. Hii mlango ni yangu."

Ufito wenyewe ni ule ambao wachumaji hulaza juu ya michai ili wajue pa kuchuma. Akautia alama kwa penseli.

"Niliambiwa nitengeneze mlango ya kiti," akasema. "Kiti sikuwa nayo. Nikapima na toroli ya magunia ya majani. Nikaona, kama toroli inapita, mtu pia atapita."

Chelangat akaangalia viatu vyake.

"Na wengine wanaokuja na viti?" nikauliza.

"Wewe ndio wa kwanza, dada."

Nikakumbuka simu zangu mbili. Niliuliza kama kiti kinaingia, sikutaja kina upana gani. Hakuna aliyenidanganya. Hilo liliniudhi kuliko uongo, maana uongo nilikuwa nimejiandaa nao.

Odhiambo aliomba saa moja. Nilimkazia macho nikitarajia atoweke kwenda kula, lakini alikata nguzo moja ya mlango, Kamau akiishikilia, akaisogeza na kuipigilia upya. Saa tano na nusu niliingia. Tukazunguka bwawa. Chelangat alikuwa akituonyesha ndege. Mimi nilikuwa nakagua choo cha humo melini. Kizingiti chake kilikuwa juu mno. Odhiambo akaandika "choo" kiganjani.

Tuliporudi, mvua ya huko ilikuwa imeanza na mbao zimelowa. Wale wanne wakaja mbio.

"Simameni hapo!" Wakasimama.

Nikaitazama ile njia. Peke yangu nisingeweza kuteremka, na sipendi kuliandika hili.

"Mzee Odhiambo, shika nyuma. Usisukume. Nikisema ngoja, ungoje."

Tukashuka polepole. Katikati nikasema ngoja, bila sababu yoyote, nikitaka tu kuona. Akangoja. Mvua ikatunyeshea sote wawili, wala hakuuliza kwa nini.

Saa tisa, tukiwa Litein, nilimpigia mwenyekiti wa chama. Akataka kujua kama walinidanganya. Nikamwambia mlango uko tayari, choo bado, na kwamba tangu leo nitakuwa nataja upana wa kiti kabla ya kumshuku mtu.

"Na huko kuna watu wa kukusaidia?"

"Yuko mmoja anayejua kungoja," nikasema. "Niandike."