Dhamana ya mtu ambaye hajakamatwa: kisa cha Vårby gård

Wakuu, salaam kwenu nyote. Leo riwaya nimeiweka pembeni. Hiki nilikishuhudia mwenyewe, nimebadilisha majina tu.

Miaka hiyo nilipanga chumba Vårby gård, Stockholm. Nyumba moja na Dinesh, Mhindi wa Gujarat, mtu wa IT. Dirisha la jikoni lilitazama ziwa. Likiganda, theluji ikianza kushuka, hujui kama uko macho au unaota.

Asubuhi moja nikamsikia kwenye simu. Kihindi sijui, lakini neno moja lilikuwa linarudi rudi: zamanat, zamanat.

Wakuu, si ndiyo dhamana yetu hiyo.

Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa Bukavu, alikuwa amekuja kuazima sufuria. Naye akalidaka.

"Wamefunga nani?" akaninong'oneza.

"Sijui, Mama."

"Dhamana haiombwe bure. Kuko mutu mu prison."

Siku zilizofuata hakumwona Dinesh, akaamini aliyefungwa ni yeye. Jumapili, kanisani kwao Skärholmen, wakamwombea atoke gerezani. Jumatatu Mama Furaha akakutana naye kwenye lifti. Akamshika mkono kama mtu aliyefufuka, akamuuliza kwa Kiswidi wamemwachia lini.

Dinesh alicheka, kwa mara ya kwanza mwezi ule. Halafu akatukaribisha chai, akatueleza.

Shemeji yake, mke wa kaka yake, alikuwa ameshtaki kwa polisi kwamba ananyanyaswa kwa ajili ya mahari. (Kule mahari hutoka upande wa mwanamke.) Akawataja wote wa nyumba ile, hata Dinesh aliyekuwa huku.

"Kaka yangu simtetei," alisema. "Mimi namtaka mama."

Mama yake alikuwa anaumwa sana. Na Dinesh akitua India tu, angeweza kupokelewa na pingu.

Ndipo wakili wake akaomba anticipatory bail, dhamana kabla ya kukamatwa. Mahakama inaamuru mapema: polisi wakimkamata huyu, wamwachie kwa dhamana.

"Mais... lakini hawajakufunga na tayari wanakufungulia?" Mama Furaha akashangaa.

"Ndiyo, Mama. Kama wakikubali."

Walikubali. Ila kwa masharti: afike kila polisi wakimwita kumhoji, asiwatishe mashahidi, na akishaingia India asitoke bila ruhusa ya mahakama.

Hilo la mwisho lilimkalisha pale dirishani. Kazi yake ilikuwa huku. Akienda, hajui atarudi lini. Asipoenda, yuko huru kabisa, na mama anakufa bila yeye.

Treni ilipita, theluji ya kwenye reli ikaruka kama unga. Akainuka akaanza kukunja mashati.

Mlangoni akanikabidhi funguo zake.

"Zamanat," akasema.

"Dhamana," nikamjibu. Hatukuhitaji Kiingereza.

Baadaye akapiga simu. Uwanja wa ndege hakuna aliyemgusa. Nyuma yake nikasikia mwanamke akikohoa, kisha akicheka.

Nilichojifunza: kuitafuta sheria mapema si kukiri kosa. Nami zamani nilidhani dhamana huanzia mahabusu. Wanasheria mliomo humu, kwetu Bongo kitu hiki kipo? Nisahihisheni.

Ziwa limeyeyuka na kuganda tena mara nyingi. Yeye bado anasubiri ruhusa, na mama yake bado anakunywa chai naye. Funguo ninazo.