Kinu Kilichokataa Mahindi ya Njano

Jua bado halijayafikia mapaa ya mtaa wa Kaloleni, Nairobi, na tayari kinu kinasikika nyuma ya nyumba ya Mama Kilonzo. Anashusha mchi, anauinua. Kisha anangoja kidogo, mchi ukiwa hewani, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, ndipo anaushusha tena.

Mgeni akimwuliza anangoja nini, hacheki wala hakasiriki.

"Hapo ni pa mwenzangu," anasema. "Mkono ulizoea. Nimeukataza, haukatazwi."

Mama Kilonzo, jina lake Kavata Muindi, mwenye umri wa miaka 54, hutwanga na kuuza muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa mpaka yakaachana na maganda. Huyatia kinuni yakiwa makavu, huyanyunyizia maji, huyatwanga hadi ganda lilegee, kisha huyapepeta kwa ungo na kuyaanika. Kinachobaki ni punje nyeupe ambazo, zikipikwa na kunde au mbaazi, hata mtu aliyeapa kwamba ameshiba huomba sahani.

Wateja wengi hudhani maganda huondolewa kwa ajili ya ulaini tu. Kavata anasema sivyo alivyofundishwa na mama yake huko Mwingi, ambako mvua huja ikijisikia. Punje iliyovuliwa ganda na kiini hukaa muda mrefu bila kuharibika, na fukusi hawaipendi. Chakula hiki cha anasa ya Jumapili mjini, kwao kilikuwa akiba ya siku mbaya.

Jambo la pili alilofundishwa ni kwamba kinu ni cha watu wawili. Michi miwili hupokezana katika kinu kimoja, huu ukishuka ule unapanda, na wenye michi huongea mambo yao bila kugongana. Zamani Kavata na mwenzake walimaliza gunia kwa siku mbili na bado wakapata nafasi ya chai. Siku hizi debe moja humla siku nzima, na siku ikiwa nzuri haondoki sokoni Burma na faida ya zaidi ya shilingi ishirini.

"Ukitwanga peke yako unachoka mara mbili," anasema. "Kwanza mikono. Ile ya pili sijui nikuambie ni wapi."

Mumewe, Muindi, alikuwa mfanyakazi wa reli, na alifariki mwaka 1979. Mwana wao wa pekee, Kilonzo, ni dereva wa lori Mombasa, na huja Krismasi tajiri wake akimruhusu. Nyumba ina vyumba viwili. Kavata hupika chakula cha mtu mmoja, na kwa mpishi wa muthokoi hiyo ni adhabu, kwa sababu muthokoi haujui kupikwa kidogo. Huwamwagia kuku wa jirani kinachobaki.

Mwenzake huyo aliitwa, na bado anaitwa, Waithera. Ni mama wa watoto watano, mzaliwa wa Murang'a, na mtaani alijulikana kama Mama Irungu. Nyumba zao zilipakana. Siku ya kwanza alikuja kwa Kavata akiwa na mtoto mgongoni, kulalamika kwamba kinu kinamwamshia mtoto. Alipoona kinachotendeka akasahau malalamiko, akaanza kucheka.

"Nyinyi Wakamba mbona mnavua mahindi nguo?" Kavata anamwigiza, akikunja midomo kama Waithera alivyoikunja. "Sisi tunayapika na koti yake, na hakuna mtu amekufa."

Kavata alimpakulia sahani. Wiki iliyofuata Waithera akarudi na mchi wake mwenyewe, aliouchongesha kwa fundi mmoja wa mtaa wa Jericho, akasimama upande wa pili wa kinu bila kualikwa.

Walitwanga pamoja miaka kumi na mmoja. Majirani waliwabandika jina la wake wenza, kwa vile walivyogawana kinu kama wengine wanavyogawana mume. Wao wakalichukua jina lile wakaitana hivyo kwa kicheko, mpaka hata kanisani mtu alisikia "mke mwenza, nisogezee kitabu cha nyimbo" na kugeuka kwa mshangao. Muindi alipofariki, Waithera alilala kwa Kavata mpaka matanga yalipokwisha, na asubuhi iliyofuata ndiye aliyeweka mchi mkononi mwake akamwambia, "Twanga."

Kisha ukaja mwaka 1984, na mvua haikuja.

Ukambani mwaka ule ulipewa jina lenye maana ya kufa ukiwa na pesa mkononi, kwa kuwa cha kununua hakikuwapo. Nairobi nayo mahindi meupe yalitoweka madukani. Yaliyokuja badala yake yalikuwa ya njano, yaliyoletwa kwa meli kutoka Amerika, na mitaa ya Eastlands ikayapa jina la yanga. Watu walipanga foleni kuyanunua huku wakiyatukana. Ilisemekana huko yanakotoka hulishwa mifugo.

Kavata alifunga kazi. Alisema atangoja mahindi ya kweli.

Kwake haikuwa hasara kubwa, maana Kilonzo alikuwa akimtumia chochote. Kwa Waithera ilikuwa kukatwa mkono. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi katika kiwanda, na muthokoi ndio uliokuwa ukiwalisha watoto. Asubuhi moja alitokea uani akiwa amebeba nusu gunia mgongoni, kamba ikiwa imemkaa kwenye paji la uso. Alikuwa ameyapata Thika kupitia kaka yake. Aliyatua, akafungua mdomo wa gunia. Yalikuwa ya njano.

"Aliniambia, 'Mke mwenza, hii mahindi ni mahindi. Tukitoa ganda, mtu atakula. Watu wana njaa, hawaangalii rangi,'" Kavata anakumbuka.

Hapo sauti yake inashuka. Anachosimulia sasa hajakisimulia kwa wengi, na mikono yake inapepeta ungo usio na kitu.

Alikishika kinu, akakipindua mdomo chini, akakikalia.

"Nikamwambia hii kinu ni ya nyanya yangu. Haijawahi kuona chakula ya ng'ombe, na haitaona mimi nikiwa hai."

Waithera hakugombana. Alifunga gunia, akajitwika, akaondoka. Kavata aliendelea kukaa mpaka jua likawa kali, akijiambia kwamba amelinda heshima ya mama zake.

Je, yeye mwenyewe hakula yanga mwaka ule?

"Nilikula," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu, tabasamu la mtu aliyenaswa. "Nilikula ugali yake kila siku, ningekula nini? Tumbo ilikubali. Ni kinu ilikataa."

Kabla mwaka haujaisha Waithera na familia yake walihamia Jericho, kwenye chumba cha binamu yake. Alipata kazi ya kufulia watu nguo Eastleigh. Mchi wake aliuacha umeegemea ukuta wa Kavata. Hakutuma mtu kuuchukua, na Kavata hakuupeleka.

Mvua zilirudi, mahindi meupe yakarudi, wateja wakarudi. Kavata alidhani Waithera naye atarudi, kwa sababu alichokuwa amekataa sasa hakikuwapo tena. Alisafisha uwanja, akanunua ungo wa pili. Alingoja msimu mzima kabla ya kukubali kwamba anangoja bure.

Mwaka huu, miaka mitatu baada ya ukame ule, akiwa ameanika muthokoi wake uani, alisikia redio ya jirani kupitia dirishani. Kilikuwa kipindi cha wakulima. Mtangazaji alikuwa akieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbolea, kwamba mahindi si mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika. Yalivuka bahari na Wareno karne kadhaa zilizopita, yakafika pwani, kisha bara, pole pole, kwa mikono ya wafanyabiashara.

Kavata aliacha kugeuza nafaka.

"Nilifikiri huyo mtu amelewa," anasema.

Alimngoja Mwalimu Bedan, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hununua muthokoi kwake Burma kila Jumamosi, akiwa ameshika nyama yake kwenye gazeti. Alimwuliza kama redio inaweza kusema uongo.

"Kwa hilo haikudanganya, mama," Mwalimu Bedan alimjibu. "Na maharagwe pia yalitoka huko huko. Mbaazi asili yake ni India. Katika vitu unavyoweka kwenye sufuria, kunde ndiyo ya kwetu Afrika."

"Na yale ya njano?"

"Ni ndugu wa haya meupe. Shina ni moja, mama."

Mwalimu alilipa akaenda zake, asijue amemwachia nini. Kavata alibaki kwenye gunia lake katikati ya moshi wa nyama na kelele za wachinjaji, na anasema hakuuza kitu tena siku ile.

Alikumbuka kitu ambacho hakuwa amekifikiria tangu utotoni. Nyanya yake, mwenye kinu kile, alikuwa akinung'unika kila walipotwanga mahindi. Alisema kinu kilitengenezwa kwa ajili ya mawele, na kwamba hivi vitu vikubwa vikubwa vimekuja juzi kuwafanya wasichana wavivu. Wajukuu walimcheka kama wazee wanavyochekwa. Kumbe bibi yule alikuwa akisema habari aliyoiona kwa macho yake, au aliyoambiwa na aliyeiona. Mahindi meupe nayo yaliwahi kuwa wageni mbele ya kinu kile, na nyanya, pamoja na manung'uniko yake yote, hakukipindua.

"Nilimfukuzia rafiki yangu rangi," Kavata anasema. "Rangi tu. Na watoto watano nyuma yake."

Hasemi kwa kulia. Anasema kama mtu anayetaja ugonjwa ambao tayari ameuzoea, na hilo ni gumu zaidi kulisikiliza.

Baada ya maneno ya Mwalimu, yeye na Waithera walikutana mara moja, Burma, mbele ya bucha. Waithera alikuwa amekonda, mikono imechubuka kwa sabuni. Kavata alikuwa amejiandaa kwa matusi. Angeyapokea yote na kuomba mengine. Lakini Waithera alimpa mkono kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mke wa mchungaji.

"Habari ya siku nyingi, Mama Kilonzo. Kijana hajambo?"

"Hajambo, Mama Irungu."

"Haya. Tumshukuru Mungu."

Akanunua matumbo yake, akaondoka. Kavata anasema afadhali angemtemea mate, kwa maana mtu hupoteza mate kwa anayemjali.

Majirani wamempa kila aina ya ushauri. Wapo wanaomwambia aajiri msichana wa kushika mchi wa pili. Alijaribu wawili. Wa kwanza aligongana naye kinuni siku nzima, wa pili alitwanga vizuri, lakini Kavata alijikuta akimchukia binti wa watu bila kosa, akamlipa akamwacha aende. Wengine wanamwambia apeleke mahindi kwenye mashine ya kukoboa, apumzike. Mashine haimpi shida, anasema. Mashine haina mtu upande wa pili, basi.

Jumamosi hii hatwangi. Amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vilivyofungwa, na katikati ya uwanja umesimama mkokoteni. Mwenye mkokoteni, kijana anayeitwa Maingi, anakizunguka kinu akikikadiria kwa macho.

"Mathe, hii kitu imekula nini? Ni nzito kama gari," anasema.

"Imekula mengi. Beba."

Wanakipandisha wawili, Kavata akisukuma kwa bega, kisha analaza michi yote miwili kando yake. Kinaenda Jericho, mpaka mlango wa chumba cha binamu wa Waithera. Ndani yake hakuna mahindi. Aliyatafuta ya njano kila mahali ili aende nayo, hata Thika aliuliza, lakini yanga imekwisha na hakuna anayeikumbuka kwa hamu. Anakwenda na kinu kitupu, kimesimama mdomo juu.

Atasema nini akifunguliwa mlango? Ameyarudia maneno usiku kucha na yote ameyaona ya kipumbavu.

"Nitamwambia mimi ndiye nilikuwa chakula ya ng'ombe," anasema, halafu anatikisa kichwa. "Hapana. Nitamwambia nimekosa. Basi. Halafu ninyamaze, aseme yeye."

Anatumaini watatwanga tena, huko huko Jericho, mbele ya mlango wa Waithera, nafaka yoyote atakayoileta Waithera, ya rangi yoyote. Faida wagawane, na watoto wa Waithera waache kumwona mama yao akirudi na mikono iliyochubuka. Anasema hayo yote haraka, kama mtu anayeogopa kusikika akiomba mengi.

Maingi amekwisha kufunga kinu kwa kamba. Anashika mikono ya mkokoteni, kisha anageuka.

"Sasa mathe, nikungoje huko nikurudishie mzigo, ama?"

Kavata anafunga mlango wa nyumba yake, anajaribu kufuli mara mbili.

"Usiningoje," anamwambia. "Akinikubali, tutatwanga kwake. Akinikataa, nitamwachia. Mimi naweza kurudi, lakini kinu hairudi."