Lenzi Yangu Ilimfuta Kwamboka Uso, Nami Nikanyamaza

Msinihurumie. Mtu akimaliza kusoma haya anilaani, sawa tu, mimi mwenyewe nimejilaani mara nyingi. Nilimharibia rafiki yangu maisha kwa kunyamaza, na nilinyamaza nikijua ukweli wote!

Jina langu liacheni. Upande wetu wa Kimulot watu waliniita Mama Picha, kwa sababu nilikuwa na studio, chumba kimoja cha mabati karibu na kituo cha kuuzia majani chai. Marehemu mume wangu aliniachia kamera ya zamani, ile nzito ya kuangalia kwa juu, unainama kama mtu anayechungulia kisima. Ukitaka uso utoke wazi, unazungusha kwa mkono, polepole, mpaka uone kope za mtu. Ilichosha, lakini haikuwahi kuniaibisha.

Halafu mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya ile mvua kubwa iliyokula barabara zetu, mhandisi mmoja mgeni wa kiwanda cha chai alimaliza mkataba akawa anauza vitu vyake. Mimi nikanunua kamera. Ilitumia filamu pana kama ile yangu, lakini lenzi yake, jamani, ilikuwa inajitafutia yenyewe! Unabonyeza kidogo, inalia zzz, inashika, unapiga. Hakuna kuzungusha kitu.

Yule mhandisi alinieleza kila kitu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Mama, hii nashika katikati tu. Kama watu iko mbili, wewe shika uso ya moja kwanza, halafu sogeza."

Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa wapi! Nilikuwa nawaza tu vile watu wataniangalia.

Na waliniangalia kweli. Niliandika ubao mkubwa nje: PICHA ZA KISASA, KAMERA INAJUA. Wateja walitoka hata Merigi. Mpiga picha mmoja wa sokoni aliponiuliza kama hiyo mashine haiwezi kukosea, nilimcheka mbele ya watu. "Wewe endelea kuzungusha," nikamwambia. "Yangu iko na macho." Aki kiburi!

Sasa Kwamboka. Alitoka Kisii akaolewa kwetu na Kiplangat, dereva wa trakta ya kubeba majani. Mama mkwe wake hakumtaka tangu mwanzo, eti si mtu wetu. Lakini Kiplangat alimpenda, na Mungu akawapa msichana, Cherono. Mvua ikinyesha, wachunaji wakijikinga kwa kibaraza changu, Kwamboka alinisuka nywele huku tukicheka mpaka machozi. Sijapata rafiki mwingine kama yule.

Hao wawili hawakuwa na picha ya pamoja hata moja. Jumapili moja walikuja kutoka kanisani, Kwamboka na gauni lake la buluu, Kiplangat na koti la kuazima. Nikawasimamisha mbele ya shamba la chai. Mvua ilikuwa imetoka tu kukatika, jua likawaka, majani yakawa yanametameta.

"Sogeleaneni!" nikawaambia. "Mmesimama kama watu wako na kesi."

Kiplangat akacheka kwa aibu. "Wacha hapo hapo, Mama Picha. Watu wa kanisa wanaona."

Kwamboka akamvuta mkono wa koti, lakini mwanamume akabaki palepale. Katikati yao mtoto angepita. Nikabonyeza. Zzz. Ikashika. Nikapiga.

Picha iliporudi kutoka Nakuru, nilikokuwa natuma filamu zisafishwe, niliitoa kwenye bahasha nikakaa chini. Wooi! Nyuma, kila jani la chai lilikuwa wazi, hata matone ya mvua. Mbele, mahali pa watu, vivuli viwili vya moshi. Hakuna jicho, hakuna mdomo.

Hapo hapo maneno ya mhandisi yakanirudia. Lenzi ilikuwa imepenya kwenye ile nafasi kati yao ikaenda kushika majani. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa dogo! Ningewaita tu niwapige tena. Lakini ningewaambia nini, mimi niliyekuwa na kamera inayojua? Kwamboka akiuliza, nilimwambia, "Bado iko Nakuru."

Sikupata nafasi ya kurekebisha. Trakta ya Kiplangat iliteleza kwenye matope ya mteremko ikapinduka. Alikufa pale pale, magunia ya majani yamemlalia.

Ndugu yake akaja studio. "Mama anataka ile picha iwekwe juu ya sanduku. Nyingine ni ile ndogo tu ya kitambulisho."

Ningesema. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu. Lakini nilimkabidhi bahasha kimya, kisha nikajifunga leso nikamfuata matangani.

Mama mkwe aliishika ile picha akaiangalia mpaka watu wakaacha kuimba.

"Majani yanaonekana," akasema. "Mtoto wangu ako wapi?"

Shangazi mmoja akainama begani mwake. "Alikuwa ameshaenda. Hii kitu iliona." Kisha akanyoosha kidole kwa Kwamboka aliyekaa chini na Cherono mapajani. "Na huyu? Huyu pia hana uso, na bado anapumua. Ni yeye amempeleka!"

Mzee wa kanisa akainua mkono. "Tusiongee mambo ya giza hapa. Mama Picha, hebu tuambie. Kamera yako ilikuwa na shida?"

Watu wote wakageuka. Kwamboka akaniangalia. Yale macho, hata leo nikipika, nikifagia, yananiangalia. Alikuwa ananingoja mimi. Rafiki yake!

Nikasema, "Kamera yangu haina shida. Nilipiga vile walivyosimama."

Basi. Maneno hayo tu.

Baada ya mazishi hakuna mtu wa boma lile aliyekunywa chai ya Kwamboka. Mursik aliyotayarisha, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, ilimwagwa nje. Watoto wakaambiwa wasikae karibu naye. Hata kwenye kuchuna majani, wanawake walichagua mistari ya mbali. Mimi nilikuwa nayaona hayo yote nikiwa dirishani.

Siku moja akaingia studio, amevaa lile gauni la buluu, amekonda.

"Nipige picha," akasema. "Mimi peke yangu."

"Ya nini, dada?"

"Nataka waone niko na uso."

Nilimweka katikati, peke yake, na nilijua kabla sijabonyeza kwamba safari hii itashika. Ikashika. Alinishukuru! Alinishika mkono akaniambia, "Wewe tu ndio umebaki."

Picha ikarudi. Kwamboka mzima, wazi kama maji, hadi alama ndogo ya kuungua aliyokuwa nayo kidevuni. Niliitia mkobani nikapanda moja kwa moja hadi kwa mama mkwe wake. Nilifika langoni. Nikamsikia yule mama akikohoa jikoni. Nikawaza: nikimwonyesha hii, ataniuliza ile ya kwanza ilikuwaje. Nikageuka nikarudi.

Hazikupita siku nyingi wakamfukuza. Mtoto walimzuia, wakasema ni wa ukoo wao. Kwamboka alipita kwangu amebeba mfuko mmoja wa nguo.

"Ile picha imetoka?"

"Bado," nikamwambia. "Bado iko Nakuru."

Ilikuwa kwa mkoba wangu! Ilikuwa hapa ubavuni! Akaitikia kwa kichwa, akashuka barabara, na sijawahi kumwona tena mpaka leo.

Tangu hapo sikupata amani. Nikiweka watu wawili mbele ya lenzi, nilikuwa naona nyuso zao zikiyeyuka. Ile zzz nikaanza kuisikia kwenye redio, kwenye birika, hata kanisani watu wakiomba kimyakimya. Na uwongo wangu ukanirudia mwenyewe. Habari zilienea kwamba kamera ya Mama Picha inaona kifo. Wachumba wakanikimbia. Mama mmoja aliona nikiielekeza upande wa mtoto wake, akamfunika uso na khanga, akapiga nduru. Studio ikafa. Sikuwa na wa kumlaumu.

Cherono akawa mkubwa, akaanza shule. Alasiri moja akasimama mlangoni pangu na sare yake, kwa adabu kabisa.

"Shikamoo. Wanasema wewe ulipiga mama yangu picha. Ninaweza kuiona?"

Mtoto hakuwa na ubaya wowote na mimi! Nilivunjika. Nililia mbele yake mpaka akataka kwenda kuita mtu. Nikaitoa ile picha, nikamshika mkono, tukapanda hadi kwa bibi yake, na hapo nikasema yote. Lenzi, ile nafasi katikati, mhandisi, Nakuru, lango. Yote.

Yule mama alikuwa amezeeka. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Kwa hivyo nilimfukuza mke wa mtoto wangu kwa sababu ya kioo?"

Nikamwambia ndiyo.

"Toka kwangu," akasema, lakini kwa sauti ya chini, kama anayejiambia mwenyewe. Kesho yake alimtuma mwanawe aliyebaki Kisii akamtafute Kwamboka. Kule kwao wakamwambia aliondoka zamani kutafuta kazi, hawajui alielekea wapi. Tumeuliza Sotik, tumeuliza Litein, tumetuma salamu makanisani. Hakuna.

Lakini si hilo linaloniua. Siku ile nikiongea na bibi yake, Cherono alikuwa ameishika ile picha kwa mikono miwili. Mwishowe akainua kichwa.

"Huyu mama namjua."

Tukamwangalia wote wawili.

"Alikuja shuleni. Alisimama kwa geti akaniita jina langu, akaninyooshea ndizi mbivu. Sikujua ni nani. Bibi alinikataza kuongea na watu nisiowajua." Akaanza kulia. "Nilikimbia."

Jamani! Mzazi alimrudia mtoto wake, na mtoto akamkimbia, kwa sababu uso wa mama yake ulikuwa umefungiwa kwangu!

Cherono sasa ni mtu mzima, na yeye ni mama. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, na salamu yake inanichoma kuliko tusi. Huwa namwona akiwaangalia kidevuni wanawake wa makamo wanaouza ndizi, mmoja baada ya mwingine, akitafuta ile alama ya kuungua.

Wewe unayesoma, ukikosea kazini kwako, iwe ni sindano, iwe ni cherehani, iwe ni kamera, sema kosa likiwa bado dogo. Watu watakucheka, watachoka, wataenda kulala. Na kama saa hii kuna mtu anabeba lawama yako, usimalize hata chai hiyo. Inuka uende useme.