Sentimita Moja na Nusu

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha kemia kisiwani Pate, nilimfanyia mwanafunzi wangu jambo ambalo likinijia hadi leo najichukia.

Ulikuwa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Kila mtahiniwa aiongeze asidi maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke, apime kwa bireti, mrija wenye vipimo, alkali inayotosha kuimaliza nguvu, kisha apige hesabu ya moli zilizomo katika lita. Mwalimu hulifanya jaribio hilo mapema, na jibu lake ndilo wasahihishaji hulinganishia. Mimi nilipata sentimita za ujazo 25.0.

Kundi la pili lilipokaribia kuingia, maji yaliyokenekwa yalikuwa yamekwisha. Dumu zima la akiba nilikuwa nimempa mkuu wa shule atie kwenye betri za sola ya ofisi yake. Nilimpa huku nacheka, nikijipendekeza. Basi nikajaza chupa za maabara maji ya kisima. Visima vya kule vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji yake yana chokaa, na chokaa hula asidi, kwa hiyo alkali pungufu hutosha. Nilijua. Niliwasomesha hayo mwenyewe.

Wanafunzi wa kundi la pili walishanong'onezwa na kundi la kwanza kwamba jibu ni ishirini na tano, wakaandika hivyo. Binti mmoja tu, aliyeutaka ufamasia tangu kidato cha pili, aliandika alichokiona kwenye bireti: 23.5. Nilipita nyuma yake nikaiona hesabu: 0.094. Safi kabisa. Fomu yangu ya kuwapelekea wasahihishaji ilikuwa na nafasi ya kueleza hitilafu yoyote. Niliiogopea kazi yangu, nikaiacha tupu.

Matokeo yalipotoka, kemia yake ilikuwa gredi moja chini ya inayotakiwa ufamasia. Najua ilizama wapi. Alinifuata ofisini na daftari lake, akaniandikia hesabu ile upya mbele yangu, njia nzima.

"Mwalimu, nikosee wapi? Ndia ni ile ile ulotusomesha."

Nikashika kalamu, mwongo mkubwa mimi, nikazungushia duara ile 23.5.

"Hukusuuza bireti vizuri," nikamwambia. "Ulikuwa na haraka."

Alilitazama lile duara, akafunga daftari.

"Niwie radhi, mwalimu," akasema. "Ulijitaabisha nami bure."