Faili la Mhariri Wangu

Juzi, katika saiba moja, duka la intaneti na uchapishaji, hapa Nakuru, mwanafunzi alimwekea dada wa kaunta vitabu viwili vya mwongozo wa uandishi.

"Tasnifu inatakikana kesho. Nifuate kipi?"

Dada hakuvigusa. "Kwani atakayeisoma ni nani?"

Alipotajiwa mhadhiri, alipiga makofi, akafungua kompyuta. Mafaili yalipangwa kwa majina ya wahadhiri, kila moja na tasnifu ambazo mhadhiri huyo alishapitisha.

"Huyu wako anataka hivi. Angalia tu."

Mwanafunzi nusura akumbatie printa. Nami, niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, nikasisimka, nikauliza kama ana faili la mhariri wangu wa gazeti.

"Huyo sina, mzee. Lakini yeye hupenda nini?"

Miaka tisa namwandikia kila wiki, na sijawahi kumuuliza.