Maji anayoyafungulia hufika kwa mama yake, yeye hajafika miaka sita

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, na Mama Funguo ameshaanza kununa. Amesimama juu ya ukuta wa zege unaokata mto, koti la mvua mabegani, ufunguo mkononi, macho ng'ambo. Mwenzake amechelewa dakika tano.

"Huyo leo kitanda kimemng'ang'ania," anasema.

Mwanamume mrefu anatokea upande wa pili, anavuka daraja jembamba la chuma huku akifunga vifungo vya shati.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Jirani. Nilidhani umehama nchi."

Mto huu ndio mpaka wa nchi mbili. Kwa makubaliano yao, kila Jumatatu na Alhamisi sehemu ya maji huelekezwa kwenye mfereji unaokwenda kwenye mashamba ya nchi ya chini, kwa saa kumi na moja. Siku nyingine maji hubaki kwa wakulima wa nchi ya juu. Lango la mfereji lina makufuli mawili, na kila nchi ina ufunguo wa kufuli moja. Mama Funguo, mwenye miaka hamsini na mbili, anashika wa nchi ya juu. Jirani anashika wa nchi ya chini. Mmoja asipokuwepo, lango halifunguki.

Makufuli yanatoka. Wawili hao wanashika gurudumu la chuma, huyu huku na yule kule, na kuanza kulizungusha wakihesabu kwa sauti. Mizunguko ni arobaini na minne. Kufikia thelathini, Jirani anahema na Mama Funguo anacheka. Chini yao maji yanapiga kelele, yanageuka na kuingia mferejini. Wanasoma kipimo kilichopakwa rangi ukutani, wanaandika kwenye daftari, kila mtu anatia saini.

Kisha Mama Funguo anafanya jambo ambalo halimo kwenye kanuni za kazi yake. Anasimama akiyatazama maji mpaka yanapopinda kona.

"Saa thelathini na moja," anasema taratibu. "Kesho mchana yako kwa mama."

Mama yake mzazi ana miaka themanini na moja. Alizaliwa nchi ya chini, akaolewa nchi ya juu, na mumewe alipofariki akarudi kwenye shamba la ndugu zake, ambako mfereji unapita hatua chache kutoka mlangoni. Ana bustani ya mboga na hana mpango wa kuiacha. Binti yake amekuwa langoni kwa miaka kumi na tisa. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa miaka sita iliyopita.

Msomaji atauliza: si avuke tu? Kutoka langoni hadi nchi ya chini ni hatua thelathini, nimezihesabu mwenyewe. Lakini kibali cha Mama Funguo kinaishia katikati ya daraja. Njia halali inazunguka hadi kituo cha mpaka, siku mbili barabarani kwenda na mbili kurudi, na nauli inakula zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi. Nauli angeibana. Siku ndizo hazipatikani, kwa sababu kati ya ufunguzi mmoja na mwingine hakuna nafasi ya siku nne. Na mtu wa kumshikia ufunguo lazima akubaliwe na nchi zote mbili. Jina la karani wa ofisi ya maji aliyependekezwa lilikaa kwenye kamati ya pamoja miaka mitatu.

"Nilipouliza, nikaambiwa linashughulikiwa," anasema. "Hilo neno nalichukia kuliko kutu."

Chumba chake kiko hapo hapo ukutani: kitanda, meza, kopo la grisi, kabati la bati. Ndani ya kabati, juu ya nguo zilizokunjwa, kuna barua ya onyo. Ananionyesha bila kuombwa.

Ilikuwa miaka minne iliyopita, mwaka wa ukame. Mama alimpigia simu akasema maji yanakuja membamba, mboga zinanyauka. Alhamisi iliyofuata, hesabu ilipofika arobaini na nne, Mama Funguo hakuachia gurudumu.

"Mkono ulikwenda wenyewe. Siwezi kukudanganya. Nilikuwa namuona mama na ndoo yake."

Jirani angeweza kunyamaza. Maji ya ziada yalikuwa yanakwenda kwao. Lakini hesabu ilipofika arobaini na saba aliweka kifua kwenye gurudumu likakwama.

"Nilimwambia, dada, hiyo ni ya nini?" anakumbuka Jirani. "Leo ukituzidishia kwa huruma, kesho atakuja mwingine atupunguzie kwa hasira. Nitamwambia nini?"

Waliirudisha mizunguko yote mitatu. Jirani alikuwa tayari yaishe pale pale. Mama Funguo ndiye aliyechukua kalamu akaliandika kosa lake daftarini, na onyo likaja.

Jumanne mchana tunakaa mlangoni, simu juu ya goti lake. Inafika saa nane kasoro. Anakuna shingo, anaikagua simu kama ina chaji. Inalia.

"Yamefika, mwanangu," inasema sauti ya kizee, kubwa kuliko nilivyotarajia. "Yamekuja na ndala moja ya mguu wa kushoto. Ni yako?"

"Mama, mimi natupa ndala mtoni?"

"Sijui. Maji yako yanaijua njia, mwenyewe huijui."

Binti anacheka, kisha hacheki tena. Anauliza habari za macho. Mama anasema yapo. Anabanwa, ndipo anakiri kwamba siku hizi maji hayaoni yakija. Anayasikia, halafu anateremsha mkono kuhakikisha.

Simu ikishakatwa, Mama Funguo anabaki ameishika.

"Ninachoogopa ni hicho tu," anasema. "Nifike, halafu anijue kwa kunipapasa uso. Nataka anione. Anitukane nimenenepa."

Wiki iliyopita barua nyingine ilifika. Karani amekubaliwa kushika ufunguo kwa siku kumi. Kwenye jalada kulikuwa na maelezo ya Jirani, aliyeandika kwamba mtu aliyeandika kosa lake kwa mkono wake ana haki ya kuaminiwa na kupewa likizo yake. Nilipomuuliza kuhusu hilo, aligeukia makufuli akasema yanahitaji mafuta.

Jumatatu ijayo Mama Funguo atazungusha mizunguko yake arobaini na minne, atakabidhi ufunguo na kupanda basi. Jumatano jioni atakuwa kwa mama yake. Alhamisi asubuhi lango litafunguliwa na mikono mingine.

"Ijumaa nitabeba viti viwili nikae na mama kando ya mfereji," anasema. "Miaka kumi na tisa mimi kazi yangu kuyaaga. Sijawahi kuyapokea hata mara moja."

Anatazama mfereji, ambao leo umebakiwa na matope na madimbwi.

"Nimemwambia mama asiteremshe mkono siku hiyo. Nikiyaona yanakuja, nitamwambia mimi."